Neno limo kamusini, kifaa hakilioni: kisa cha Mwalimu wa Kihesa na mistari yake

Mwalimu aliingia kwenye kibanda changu cha ufundi wa kompyuta, Miyomboni, asubuhi moja ya Julai, msimu ambao watu wa Iringa hawavui makoti hadi saa nne. Kifaa chake cha kusomea vitabu alikuwa amekifunga ndani ya kitenge kama mtu abebavyo mayai, na kwapani amebana kaunta buku nene. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaongeza "kamwene", salamu ya Kihehe, kama afanyavyo kwa kila mtu, mwenyeji na mgeni. Kisha akaketi.

"Mwanangu, hiki kitu kinabisha," alisema. "Nabonyeza neno *hayakumtosheleza*, kinasema hakuna. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja. Neno lipo."

Lalamiko la pili alilitoa kwa sauti ya chini zaidi, na ndilo lililokuwa likimuuma. "Na mistari yangu yote ya kitabu cha wazee imefutika."

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu malalamiko hayo mawili nimeyasikia kwa watu wengi wanaosoma Kiswahili kwenye vifaa vya wino wa kielektroniki. Wengi hukata tamaa mapema. Wanaamini Kiswahili hakina kamusi ya kifaa, au kifaa ni kibovu, wanarudi kwenye simu inayowaumiza macho. Ubovu wa kweli uko mahali pengine, na sehemu yake kubwa inatibika mezani, kwa kompyuta ya kawaida na programu za bure.

Kwanza kifaa chenyewe. Kioo chake ni cha inchi 6, hakina mwanga mkali, na herufi zinakuzwa zinavyotakiwa. Hiyo ndiyo sababu ya kununuliwa: Mwalimu alipasuliwa mtoto wa jicho, na tangu hapo karatasi zenye chapa ndogo zimekuwa taabu kwake. Kijana wake aliyeko Dar es Salaam alikipata mkononi kwa mtu, akaweka ndani yake KOReader, programu huria ya kusomea vitabu inayokubali kamusi za kuongeza mwenyewe. Akatia pia kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili iliyoandaliwa na watu wa kujitolea. Kijana alifanya kazi nzuri. Chaji inakaa wiki kadhaa, kwa hiyo umeme ukikatika Kihesa Mwalimu anaendelea kusoma kwa tochi ya kichwani.

Mle ndani mlikuwa na vitabu 11. Kilicho muhimu kuliko vyote ni masimulizi ya wazee wa Kalenga na Lugalo, ambayo Mwalimu aliyakusanya mwenyewe tangu akiwa kazini na mjukuu wake akayachapa kwenye kompyuta. Humo wazee wanaeleza waliyosikia kwa baba na babu zao: vita vya Lugalo vya Agosti 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, kifo cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1898, na siku fuvu lake liliporudishwa nyumbani mwaka 1954. Mwalimu alikuwa akisoma upya, akipigia mstari kila sentensi inayopaswa kuhakikiwa kwa mzee mwingine, na pembeni anaandika aulizwe nani. Mistari hiyo ilikuwa ratiba yake ya kazi ya miezi sita, wakati baadhi ya wazee wa kuulizwa wamepita miaka tisini. Mtu akinieleza hivyo, siwezi kumwambia "anza upya tu".

Kaunta buku ndiyo iliyonipa mwanga. Kila neno ambalo kifaa kilikataa, Mwalimu aliliandika, na ukurasa lilikotoka. Maneno 58. Mafundi tumezoea kuletewa ushahidi wa aina ya "haifanyi kazi", basi orodha ile ilikuwa zawadi. Niliomba niinakili, nikaanza kuyagawa maneno mafungu kabla sijagusa kifaa.

Maneno 41 yalikuwa vitenzi vilivyovaa viambishi: *anapokea, wakamzingira, hayakumtosheleza, tulikonunuliwa, amekufa*. Saba yalikuwa majina ya wingi ambayo umoja wake unaanza kwa herufi nyingine: *nyuso, kuta, meno, mafuvu* na wenzao. Manne yalikuwa na *ng'*. Yaliyobaki, sita, yalikuwa maneno ya kwetu nyanda za juu, na hayo nitayarudia kwa sababu ndiyo yaliyonifunza zaidi.

Nikamwonyesha. Akayatazama mafungu yale kwa muda, akatabasamu. "Hiki kifaa hakijafundishwa kuvua neno nguo," akasema. "Darasa la tano tunafundisha hilo."

Ndivyo hasa. Aliyewahi kutumia kamusi ya karatasi anajua kwamba *hayakumtosheleza* hulitafuti kwenye H. Unavua *ha*, unavua *ya*, unavua *ku*, unavua *m*, unabaki na *tosheleza*, na huko unaelekezwa kwenye *tosha*. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imepanga vidahizo vyake, yaani maneno inayoyaeleza, hivyo tangu toleo la kwanza la 1981: kitenzi kinaingia kikiwa kitupu, jina linaingia kwa umoja. Msomaji ndiye anayebeba kazi ya kuvua. Kifaa hakibebi kazi hiyo. Kinachukua herufi ulizobonyeza, kinazipeleka kwenye orodha iliyopangwa kialfabeti, kama hazipo kinarudi mikono mitupu.

Mbona basi kwa Kiingereza kinaweza? Kwa sababu Kiingereza hubadilisha neno mkiani, na mabadiliko yenyewe ni machache: ukipata *walk*, unabakiwa na *walks, walked, walking*, basi. Mtengeneza kamusi anaorodhesha maumbo matatu chini ya kila kitenzi na kazi imekwisha. Hata neno likikosekana, mwanzo wake unabaki uleule, na kialfabeti linaangukia jirani na mama yake, yaani neno lililolizaa. Neno letu hubadilika kichwani. *Pokea* iko kwenye P, *anapokea* iko kwenye A, *wakipokea* iko kwenye W, *hupokea* iko kwenye H. Ukoo mmoja umetawanyika kamusi nzima. KOReader ina njia ya kutafuta kwa kukisia, inayoleta maneno yanayotofautiana na lako kwa herufi chache. Tulipoijaribu kwa *anapokea* ilileta maneno yenye sura ya kufanana, na *pokea* haikuwamo, maana ziko herufi tatu nzima katikati yao.

Hapo tukawa na njia tatu, na nitazieleza kwa sababu ya kwanza ndiyo kila mtu huifikiria na ndiyo mbaya.

Njia ya kwanza ni kuorodhesha kila umbo la kila kitenzi. Tulikokotoa na Mwalimu nyuma ya risiti. Viambishi vya mtenda, tukihesabu na vya ngeli, vyenye sura tofauti: *ni, u, a, tu, m, wa, i, li, ya, ki, vi, zi, ku, pa, mu*. Hivyo ni 15. Njeo, yaani viambishi vya wakati, nne tu za kawaida: *na, li, ta, me*. Viambishi vya mtendwa, pamoja na *ji* na nafasi ya kutokuwa nacho, ni 16. Zidisha: maumbo 960 kwa kitenzi kimoja. Na hapo hatujagusa ukanushi, hatujagusa *-po-* na *-ye-* na *-vyo-*, wala kauli za kutendewa na kutendeshwa, ambazo kila moja inazaa 960 nyingine. Kamusi yenye vitenzi 3,000 ingekuwa na maumbo 2,880,000 ya kuanzia tu. Kifaa chenye kichakataji kidogo kama kile kingekaa kinahema.

Njia ya pili ni kukifundisha kifaa chenyewe kuvua viambishi wakati wa kubonyeza. Hiyo ndiyo njia sahihi, na natamani siku moja mtu mwenye uwezo aiingize kwenye programu moja kwa moja. Mimi ni fundi wa kompyuta wa Iringa mjini, sina ujuzi wa kufungua utumbo wa programu hiyo bila kuiharibu.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua: kuanzia kwenye vitabu. Mwalimu hahitaji maumbo yote yanayowezekana katika lugha. Anahitaji yale yaliyomo katika vitabu vyake 11. Nikaandika programu fupi kwa Python, lugha ya kuandikia programu, inayosoma vitabu vyote, inakusanya kila neno mara moja, kisha inajaribu kulivua. Kama neno zima lipo kamusini, linaachwa. Kama halipo, programu inajaribu kubadili ngeli, *vi* kuwa *ki*, *ma* kuondoka, *ny* au *k* kurudishiwa *u* yake. Ikishindwa inavua mtenda, njeo, mtendwa. Ikishindwa tena inapunguza mkia, *-wa, -ia, -isha, -ana*. Kila umbo lililopata mama linaandikwa kando ya mama yake.

Kamusi za KOReader ziko katika muundo uitwao StarDict, ambao ni kifurushi cha mafaili: la *.ifo* lenye maelezo ya kamusi na idadi ya maneno, la *.idx* lenye orodha ya vidahizo, la *.dict* lenye maana zenyewe, na la *.syn*, ambalo wengi hawalijui. Hilo la *.syn* ni orodha ya majina ya pili: linasema "ukiulizwa *anapokea*, nenda kwenye *pokea*". Limekuwapo miaka yote likisubiri, na kamusi nyingi za Kiswahili nilizokutana nazo hazina hata mstari mmoja ndani yake. Sikuliandika kwa mkono. Nilitumia PyGlossary, programu ya bure inayogeuza kamusi kutoka muundo mmoja kwenda mwingine. Inakubali faili la maandishi ya kawaida ambamo kila mstari una kidahizo, kisha maumbo yake yakitenganishwa kwa alama ya |, kisha nafasi ya tabo, kisha maana:

pokea|anapokea|walipokea|kupokelewa

na kuendelea. Ukiigeuza, *.syn* inajitengeneza na hesabu za *.ifo* zinaandikwa sawasawa. Folda nzima unaiweka ndani ya *koreader/data/dict*, unawasha upya, basi.

Hapo ndipo kazi ya fundi ilipoishia na ya Mwalimu ikaanza, na nakiri bila yeye ningetengeneza kitu kibovu chenye sura nzuri.

Programu yangu haikuona kwa nini *kupokelewa* ina *l* wakati *pokea* haina. Nilikuwa nimeyaweka maneno ya namna hiyo kwenye fungu la walioshindikana: *nunuliwa, tembelea, chukuliwa, ondolewa*. Mwalimu akaniambia *l* hiyo ilikuwamo kwenye mizizi zamani, ikadondoka neno linapokuwa peke yake, nayo hurudi neno linaponyambuliwa. Kanuni moja: kitenzi kikiisha kwa irabu mbili, rudisha *l*. Mstari mmoja wa programu, na mamia ya maneno yakapata mama zao.

Akanisahihisha pia kuhusu vitenzi vya silabi moja. *Amekufa* programu yangu iliivua *a-me-ku-* ikafika *fa*, kwa bahati. Lakini iliposoma *ku* ilidhani ni wewe, kana kwamba mtu "amekufa wewe". Kwa *la, nywa, fa, ja*, ile *ku* inabebwa tu kumshikilia kitenzi asianguke. Kimaana haidhuru, maana mama ni yuleyule. Ila msomaji anayebonyeza *kuja* yenyewe hapati kitu, kwa sababu kamusi imeandika *ja*. Tukayaongeza yote kwa mkono.

Kisha tukafika kwenye *alitupa*.

Iko katika simulizi la mzee wa Kalenga kuhusu mwaka wa njaa: "Jirani alitupa mahindi, madebe mawili." Programu ilifurahi mapema ikaielekeza kwenye *tupa*, kurusha kitu kisichotakiwa. Nilipoifungua mbele ya Mwalimu nikabonyeza neno, kioo kikatuambia kwamba mwaka wa njaa jirani alirusha mahindi jalalani. Mwalimu alinyamaza kidogo. Yule mzee alikuwa baba yake mdogo. "Alitu-pa," akasema taratibu, akikata silabi kwa kidole mezani. "Alitupatia. Tulikula sisi, ndiyo maana nipo."

Tangu dakika ile tulibadili utaratibu. Programu iliambiwa isikomee kwenye jibu la kwanza. Ikusanye majibu yote, na neno lenye mama wawili liandikwe chini ya wote wawili, kwa kuwa *.syn* inaruhusu umbo moja kuelekea sehemu mbili. Sasa ukibonyeza *alitupa* unaona *tupa*, unateleza kidole, unaona *pa*. *Alimwaga* vivyo hivyo: alimwaga maji, au alimwaga mgeni akielekea stendi. *Ametulia*: yuko kimya, au ametulia mahindi yetu? *Nilipe*: nilipe deni, au nilipe duka jina? Yalikuwa maneno mengi kuliko nilivyotarajia, na mchana wa siku mbili tuliyapitia moja moja tukinywa chai. Kuamua ni lipi kati ya mawili, hiyo ni kazi ya msomaji aliye mbele ya sentensi. Kifaa kinatosha kikimwekea yote mawili mezani.

Fungu la *ng'* lilikuwa jepesi ila lilinichosha, kwa sababu kosa halionekani kwa macho. Mjukuu alipochapa, programu ya kuandikia iligeuza kila alama ya *ng'* kuwa ile iliyopinda, wakati kamusi imetumia ile iliyonyooka. Kwa jicho la binadamu *ng’ombe* na *ng'ombe* ni mnyama mmoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na neno linakuwa lingine kabisa. Nikayaandika maumbo yote mawili kwa kila neno la *ng'*, na la tatu pia lenye alama inayolala upande wa kushoto, maana nimeona watu wakiitumia. Kama unatayarisha kitabu cha Kiswahili kwa ajili ya vifaa hivi, chagua alama moja ukae nayo toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nakuomba.

Palikuwa na jambo dogo jingine: faili la kitabu lilijitambulisha kuwa ni la Kiingereza, kwa sababu kompyuta lilikochapwa ilikuwa imewekwa hivyo. Kwa KOReader athari yake ilikuwa kukata maneno vibaya mwisho wa mstari. Kwa Kindle, kifaa cha kusomea cha Amazon, athari ni kubwa zaidi, kwa kuwa lugha iliyoandikwa ndani ya faili ndiyo inayoamua kamusi ipi ifunguke. Ukitumia calibre, programu ya bure ya kutunza vitabu vya kielektroniki, unaibadili kwa sekunde chache kwenye maelezo ya kitabu, na ndicho kijana wa Mwalimu alichokuwa amejaribu kufanya alipokuja likizo.

Na hapo ndipo mistari ilipopotea.

KOReader kwa kawaida haiandiki mistari ndani ya kitabu. Inaiweka pembeni, katika folda yenye jina la kitabu na mkia wa *.sdr*, ndani ya faili dogo liitwalo *metadata.epub.lua*. Kila mstari umeandikwa humo na maneno yaliyopigiwa mstari, tarehe, maelezo ya msomaji, na anwani yake: faili la ngapi la kitabu, aya ya ngapi, herufi ya ngapi. Kijana alipogeuza kitabu upya ili lugha iwe Kiswahili, alikipa pia jina zuri zaidi. Jina jipya, folda mpya tupu. Ile ya zamani ilikuwa bado imekaa palepale, haina mwenyewe.

Nilipomwonyesha Mwalimu faili lile kwenye kompyuta, na sentensi zake zikapita moja baada ya nyingine, *muulize bibi wa Tosamaganga*, *hapa tarehe haikubaliani na ya juu*, alishika meza. Hakuna kilichokuwa kimefutika. Mistari 63, yote ipo.

Kuirudisha mahali pake kulitaka subira. Niliibadili folda jina ifanane na kitabu kipya, nikafungua, mistari ikatokea lakini imekaa vibaya: ya sura ya tatu imeangukia sura ya pili. Sababu ni kwamba calibre ilipogeuza kitabu iliongeza ukurasa wa jalada mwanzoni kama faili la kwanza, kwa hiyo kila sura ilisogea hatua moja mbele wakati anwani zimebaki za zamani. Nikaongeza moja kwenye kila namba ya faili. Mistari 52 ikakaa pake sawasawa. Kumi na mmoja ikagoma, na yote ilikuwa ya sura ya tano, ambako Mwalimu alikuwa amemwambia mjukuu aongeze aya mbili katikati. Kila kilichokuwa chini ya aya hizo kilisogea. Hiyo tuliipiga upya kwa mkono, yeye akisoma, mimi nikitafuta.

Wenye Kindle wana kinga kidogo zaidi katika hili: kila unachopigia mstari kinanakiliwa pia kwenye faili moja la maandishi, *My Clippings.txt*, na hakiondoki humo hata ukifuta kitabu. Mwenye KOReader anapaswa kujikinga mwenyewe. Ipo huduma ya kutoa mistari yote nje kama maandishi, na Mwalimu sasa huifanya kila Jumamosi, kisha mjukuu ananakili kwenye flashi folda zote za *.sdr* pamoja na vitabu. Sharti tulilokubaliana ni moja: kitabu chenye mistari hakigeuzwi wala kubadilishwa jina kabla ya kunakiliwa kwanza.

Kitabu kimoja kati ya vile 11 hakikuwahi kukubali mstari wala kamusi. Kilikuwa PDF ya kurasa zilizopigwa picha, za namna inayozunguka kwenye WhatsApp. Humo hakuna neno hata moja, ni picha za maneno. Nilikipitisha kwenye Tesseract, inayotambua maandishi na yenye data ya Kiswahili, makosa yakasahihishwa kwa mkono.

Nimebakiza maneno sita.

La kwanza kwenye orodha yake lilikuwa *vinyungu*. Programu yangu ililivua kwa ujasiri: *vi*, kisha *nyungu*, chombo cha udongo cha kupikia, kwa hiyo vyungu vidogo. Mtu wa Dar es Salaam angeridhika. Lakini sentensi ya mzee ilisema "kiangazi wanawake walishuka vinyunguni", na hakuna anayeshukia chungu. Mwalimu alikuwa ameshaandika pembeni mwa mstari ule, kwa kidole, herufi moja moja kwenye kioo kinachochelewa: *Vinyungu: bustani za bondeni, hulimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Umoja kinyungu. Iringa, Njombe.*

Nilisoma maelezo yale mara mbili. Hicho ni kitomeo kamili cha kamusi. Kina umbo la umoja, kina maana, kina mahali linapotumika, na sentensi iliyopigiwa mstari ndiyo mfano wa matumizi. Alikuwa amekiandika kwa ajili yake mwenyewe ili asisahau, na vilikuwapo vingine: *ulanzi*, ambao ameueleza kuwa ni pombe igemwayo kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua, na *Mtwa*, cheo cha mtawala wa Wahehe, akaonya kisichanganywe na *mtwana*.

Kwa hiyo tulitengeneza kamusi ya pili, ndogo, ya Mwalimu. Maelezo yanayotolewa nje kila Jumamosi, yale aliyoyaanza kwa neno na nukta mbili, yanachujwa na programu na kuingia kwenye faili la vitomeo, yanageuzwa, yanarudi kwenye kifaa. Katika KOReader unaweza kupanga kamusi ipi itangulie. Yake inatangulia. Ukibonyeza *vinyungu* leo unakutana kwanza na bustani za bondeni, kisha ukiteleza kidole unapata nyungu. Kamusi kubwa zilizochapishwa zina wenyewe na hatukuzigusa. Hii ni ya kwake, anaweza kumpa amtakaye.

Bado yapo yasiyokaa sawa. Maneno kama *tulikonunuliwa* na *lilivyozingirwa* yanapatikana pale tu yalipokuwa kwenye vitabu nilivyovipitia. Kitabu kipya kikiingia, kaunta buku inafunguliwa tena mpaka niendeshe programu upya. Maneno ya Kihehe ndani ya nyimbo za vita sikuyagusa kabisa. Nayo yanavaa viambishi, tena vya kwake, na anayeweza kuniongoza ni Mwalimu, ambaye kwanza anataka amalize wazee wake.

Alipita wiki iliyopita akitokea Kalenga, vumbi likiwa bado kwenye viatu. Kati ya wale wa kuulizwa, wanne wameshajibu. Aliniachia orodha mpya ya maneno 17, na la juu kabisa, alilolizungushia duara, ni *wakamwaga*. "Hili lina mama wawili," alisema akiwa mlangoni. "Na mzee anasema yote mawili yalitokea siku hiyohiyo."